Raba na Suti: Kiatu na Heshima Chini ya Mlima Meru

Katika mavazi yote ya mwanadamu kiatu ndicho kilicho karibu zaidi na ardhi, na yamkini ndiyo sababu wengi hudhani kuwa hakistahili kuandikiwa historia. Waandishi wetu wamesema mengi juu ya kanga, kanzu, buibui na kofia. Juu ya kiatu wamesema machache. Hata hivyo, mtu akisimama mlangoni pa ofisi, pa kanisa, au pa chumba cha mtihani, jicho la mwenye kumpokea aghalabu hushuka miguuni kwanza, kisha ndipo lipande usoni. Insha hii yakusudia kueleza jinsi hukumu ya jicho hilo ilivyofanyika katika mji wa Arusha na katika vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, na hasa jinsi ilivyokihusu kiatu kimoja, yaani raba, ambacho siku hizi huvaliwa na watu wazima wenye kazi na vyeo pamoja na suti, koti, au gauni la heshima.

Sababu ya kuiandika ni kosa langu mwenyewe, na ni haki msomaji alijue mapema. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa walimu watatu tulioketi kuwasikiliza wanafunzi wakitetea tasnifu zao. Aliingia kijana mmoja, mwenyeji wa vijiji vya juu ya Ngaramtoni, amevaa suti ya buluu iliyopigwa pasi vizuri, tai imefungwa sawasawa, na miguuni ana raba nyeupe, safi kabisa. Alituamkia, "Shikamooni, walimu wangu," akaweka karatasi zake mezani. Kabla hajasema neno jingine nikamwuliza kama amekuja kutetea tasnifu au kukimbia mbio. Wenzangu wawili wakacheka. Kijana hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Naomba radhi, Mwalimu. Nilizisoma kanuni zote za utetezi, na hiyo sikuiona. Imeandikwa wapi, ili nisirudie kosa?"

Niliyachukua maneno yale kuwa ni ujuvi, nikamwambia aendelee. Aliendelea, lakini sauti ilikwisha kumtetemeka. Aliruka kurasa, akaisahau hoja ya sura ya tatu, ambayo ilikuwa nzuri kuliko zote. Alifaulu, lakini kwa alama zilizo chini ya zile ambazo kazi yake ilistahili. Jioni ile nilizifungua kanuni, nikazisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na neno hata moja juu ya viatu.

Basi kanuni ile niliipata wapi, nami niliitamka kwa yakini kama mtu asomaye sheria? Mwanafunzi aliniuliza swali la historia, na swali la historia hujibiwa kwa historia.

Mwandishi wa kwanza wa kanuni hiyo ni wa kale, na makao yake yalikuwa pwani. Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19 kiatu kilikuwa alama ya uungwana. Mwungwana wa Unguja alivaa makubazi ya ngozi, na nyumbani watu wa daraja walikanyagia mitalawanda ya mti. Mtumwa alitembea miguu mitupu na kichwa kitupu, na kuvaa kiatu au kofia mbele ya bwana wake kulihesabiwa kuwa ufidhuli. Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wale waliokuwa watumwa walifanya haraka kujitwalia mavazi waliyokuwa wamenyimwa, viatu vikiwa miongoni mwake. Anayewaona kuwa walikuwa watu wa majivuno hajaelewa jambo lenyewe: walikuwa wakitangaza kwa miguu yao habari ambayo midomo yao ilikuwa imekatazwa kuisema. Yafaa kukumbuka pia kwamba pwani hiyo hiyo iliweka heshima katika kukivua kiatu, mbele ya msikiti na mlangoni pa nyumba ya watu. Kiatu kilipovaliwa kilieleza mtu ni nani. Kilipovuliwa kilieleza anamheshimu nani.

Kaida hizi zilipanda bara pamoja na misafara, askari na wafanyabiashara, zikawakuta watu wa Meru wakiwa na kiatu chao. Wameru, Waarusha na Wamasai walivaa ndara za ngozi ya ng'ombe, zilizokatwa kwa kufuata wayo wa mguu na kufungwa kwa gidamu ya ngozi. Ndara hizo zilikuwa za kukinga miiba na mawe. Hazikumpa mtu cheo. Cheo kilijulikana kwa rika, kwa mifugo, kwa mashamba ya migomba, na kwa ufasaha wa kusema mbele ya wazee. Mtu asiye na ndara alikuwa mtu mwenye miguu inayouma, basi.

Mambo yaligeuka kwa nguvu. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, katika nchi ya Wameru, na majeshi ya Kijerumani yakaja kutoa adhabu kali. Kufikia mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama Arusha, limejengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Pale bomani watu walijifunza ngazi mpya, nayo ilisomwa kutoka chini. Mzungu alivaa buti. Karani alivaa viatu vya ngozi. Mpagazi na mfungwa hawakuvaa kitu. Wamisionari wa Leipzig walirudi wakaweka vituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na shule zikafuata. Kwa miaka mingi watoto walisoma miguu mitupu, na kiatu kikawa cha mwalimu na cha mchungaji. Mtoto aliyetazama miguu ya mwalimu wake alijua elimu inamfikisha mtu wapi.

Kahawa ilipoleta fedha, hasa bei zilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, viatu vya ngozi vilianza kuingia katika nyumba za wakulima. Lakini vilivaliwa kwa namna yake. Msomaji asiyeujua Mlima Meru na aelewe kwamba ardhi yake ni ya majivu ya volkano: wakati wa kiangazi huwa vumbi jepesi liingialo kila mahali, na wakati wa masika huwa tope linaloteleza na kuganda. Wazee husimulia kwamba siku ya Jumapili mtu alivichukua viatu kwapani, au alivifunga kamba akavitundika shingoni, akashuka mlima miguu mitupu. Alipofika mtoni karibu na kanisa alinawa miguu, akaifuta, ndipo akavivaa. Kiatu kilikuwa cha kufikia mahali, hakikuwa cha njiani.

Naona kwamba hapa ndipo kanuni niliyoirithi ilipopata umbo lake kamili. Kiatu cha heshima ni kile kisichoonyesha njia uliyopita. Kinang'aa kana kwamba mwenye kukivaa hakutembea; ametokea tu mlangoni. Tangu wakati huo mtu anayetoka karibu ni rahisi kuonekana wa heshima, na anayetoka mbali humbidi afanye kazi ya ziada ili kuuficha umbali wake.

Katika miaka hiyo hiyo Wameru walitoa fundisho jingine, ambalo halikusikilizwa vya kutosha. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao igawiwe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, alisimama mjini New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza dhuluma iliyotendeka. Nauli ile ilitoka katika vijiji ambamo kiatu kilikuwa bado kitu cha Jumapili. Leo tunayakumbuka maneno yake na safari yake, na hakuna anayeuliza alivaa kiatu gani. Jambo likiwa kubwa, jicho husahau kushuka miguuni.

Uhuru ulipokuja, taifa nalo lilichukua kalamu likaandika sehemu yake ya kanuni. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Lilisema kuwa binadamu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima. Mtu angetazamia kuwa mji uliolipa Azimio jina lake ungekuwa wa mwisho kumhukumu mtu kwa vazi. Lakini kabla mwaka haujakwisha ilianza katika mkoa huo huo kampeni ya kuwavika Wamasai nguo za kisasa. Waliovaa lubega na kujipaka ngeu waliamriwa kuvaa suruali, na wasiotii wakakatazwa kupanda mabasi. Zogo lilizuka magazetini, ndani ya nchi na nchi jirani. Kisha, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, kupinga sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kujichubua na suruali za kubana.

Mgala muue na haki yake umpe. Walioamrisha mambo hayo waliamini kwamba wanamtoa Mwafrika katika unyonge, na wengi wao hawakuwa na tamaa ya faida yoyote. Lakini ziweke amri mbili hizo pamoja uzitazame. Mmasai alilaumiwa kwa kutovaa suruali ya Kizungu, na binti wa mjini alilaumiwa kwa kuvaa sketi ya Kizungu. Kosa lao halikuwa moja. Mwenye kuhukumu ndiye aliyekuwa mmoja. Vijana hawakutii kwa muda mrefu. Miaka ya 1970 ilikuwa ndiyo miaka ya suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, na waliovivaa leo ni mababu wanaowakemea wajukuu zao.

Watu wa njia hawakungoja amri ya mtu. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki mafundi waligundua kwamba tairi la gari lililochakaa latoa soli isiyokwisha upesi. Walilikata, wakalitia mikanda, kikapatikana kiatu ambacho Tanzania tunakiita katambuga, na jina lake laeleza kazi yake. Wamasai walikipokea badala ya ndara za ngozi, wakakifanya chao, hata mgeni leo hudhani kuwa ni kiatu chao cha asili. Arusha yenyewe ilikuwa na kiwanda cha matairi, General Tyre, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama karibu na mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii. Tairi lilizunguka barabarani mpaka likachakaa, kisha likaanza safari ya pili katika miguu ya mchunga ng'ombe. Huo ulikuwa mpira wa kwanza kukanyagwa na watu wengi chini ya Meru, na haukuhesabiwa kuwa kiatu cha mtu wa heshima, kwa kuwa ulikuwa kiatu cha safari waziwazi.

Viatu vya dukani vilikuwa na bahati yao. Mwezi wa Februari 1967 kampuni ya Bata ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilitangaza kuchukua sehemu kubwa ya hisa zake. Baadaye kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutengeneza jozi 4,000,000 kila mwaka na kuuza nyingi kati yake Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ulikoma. Nchi iliyo miongoni mwa zile zenye ng'ombe wengi kuliko zote Afrika ikakosa kujivisha viatu. Pengo hilo ndilo lililoufungulia mlango mtumba, nao mtumba ukaileta raba kwa wingi usiojulikana kabla yake.

Raba ina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipata hataza ya kuupika mpira kwa kiberiti, ili usiyeyuke kwa joto wala kukatika kwa baridi. Kutokana na uvumbuzi huo vikatengenezwa viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, wakavivaa ufukweni na katika viwanja vya tenisi watu wenye nafasi ya kucheza. Mwaka 1917 kampuni ya Converse ilitoa kiatu cha mpira wa kikapu ambacho mpaka leo hutengenezwa. Huko kilizaliwa kuwa kiatu cha starehe. Kwetu kiliingia kwa sababu ya unafuu wake, kikawa cha mwanafunzi, cha mlinzi na cha kibarua. Mimi mwenyewe nilikivaa katika shule ya msingi. Kilikuwa cha kitambaa cheupe, na jioni ya Jumapili tulikisugua, tukakipaka chaki iliyoloweshwa maji, tukakianika juani, ili Jumatatu mwalimu wa zamu asituchape. Nilipopata viatu vya ngozi niliona kuwa nimeaga utoto. Pengine mzaha nilioutoa mbele ya kijana yule ulitoka huko: nilimwona mtu mzima amevaa utoto wangu.

Mahali pamoja tu raba ilipewa heshima bila ubishi, napo ni uwanjani. Nyanda za kaskazini zimewazaa au kuwalea wakimbiaji wetu wakubwa. John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo zamani ilikuwa katika Mkoa wa Arusha, aliumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaimaliza mbio akichechemea, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 2025 Alphonce Simbu, ambaye hufanya mazoezi yake Arusha, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Watu hao wameliletea taifa sifa kwa kiatu ambacho, lau wangekuja nacho katika chumba changu cha mtihani, ningewauliza kama wamekuja kukimbia mbio.

Mtumba ulikuwa umejulikana zamani kwa jina la kafaulaya, na aliyeununua aliununua kwa kificho. Katika miaka ya shida ya bidhaa ulikuwa adimu. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na biashara ilipozidi kulegezwa katika miaka iliyofuata, marobota yakajaa sokoni. Leo katika soko la Kilombero mjini, na Tengeru siku za soko, raba hupangwa chini juu ya turubai kwa mamia, zimeoshwa, zimetiwa gidamu mpya, na nyingine zimejazwa karatasi zisimame vizuri. Karani hununua hapo, mwanasheria hununua hapo, na mwanafunzi hununua hapo. Tangu miaka ya 1990 Arusha pia imekuwa mji wa hip-hop. Kundi la X Plastaz, mathalani, liliunganisha rapu ya Kiswahili na nyimbo za Kimasai. Katika muziki huo raba ni sehemu ya vazi la msanii. Kijana aliyemwona msanii wa mtaani kwao jukwaani ana shuka na raba hakuona tena kuwa raba ni kiatu cha mtu aliyekosa kiatu.

Wakuu wa nchi nao walilitazama jambo hili, na walilitazama papa hapa chini ya mlima. Tarehe 2 Machi 2016, Ngurdoto, mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ulielekeza kwamba nguo na viatu vilivyotumika vikome kuingizwa katika muda wa miaka mitatu, ili viwanda vyetu vifufuke. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na serikali yao ikatishia kuondoa msamaha wa ushuru uliotolewa na sheria yao ya AGOA. Kenya ilijitoa kwanza, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia neno, na mwaka 2018 bidhaa zake za nguo zikaondolewa katika msamaha huo. Sababu ya azimio la Ngurdoto ilikuwa njema, na asiyeitaka nchi yenye viwanda ni nani? Hata hivyo marobota yangali yanaingia, na mwenye mshahara mdogo angali anategemea kiatu kilichotangulia kuvaliwa na mwingine.

Sasa tutazame hali ilivyo. Arusha ni mji wa mikutano. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilifanya kazi yake hapa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki yako hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa. Asubuhi katika barabara zinazoelekea ofisi hizo utawaona watu wazima katika suti za gharama, na miguuni wana raba nyeupe zisizo na doa. Wameshuka garini, nao watapanda gari. Saa hiyo hiyo, katika vituo vya daladala, utawaona akina mama na vijana waliotoka Ngaramtoni, Usa River na Tengeru. Nao wana raba, lakini mkobani wamebeba viatu vya ngozi au vya mchuchumio, na karibu na mlango wa kazi huinama wakabadilisha, kama babu zao walivyofanya mtoni karibu na kanisa. Hawa wana haja ya raba kwa sababu ya njia. Wale hawana njia, wana raba tu. Wale huambiwa kuwa wamependeza. Hawa huogopa kuonekana. Akipenda, chongo huita kengeza.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mwezi wa Aprili 1980 watumishi wa treni na mabasi mjini New York waligoma kwa siku 11. Wanawake wa maofisini walilazimika kutembea mwendo mrefu, wakavaa raba pamoja na suti zao na kubadilisha wafikapo kazini. Mgomo ulikwisha, desturi ikabaki. Baada ya miaka mingi wenye mali na wabunifu wa mavazi waliichukua desturi ile, wakaondoa ile safari iliyoizaa, wakaiita mtindo. Sisi hatukuikubali raba pamoja na suti tulipomwona mtu wa Ngaramtoni akiivaa kwa haja. Tuliikubali tulipoiona juu ya watu wakubwa wa Ulaya na Marekani. Basi hata uhuru huu mpya wa miguu ni wa mashaka. Sheria imebadilika maneno, na hakimu amebaki yule yule.

Huenda mwenzangu mmoja akasema kwamba adabu ya mavazi ni jambo la lazima, na kwamba jamii isiyo na mipaka katika vazi haitakuwa na mipaka katika mengine. Siyapuuzi maneno hayo. Mazishi yana vazi lake, mahakama ina vazi lake, na mwaka 2007 serikali ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma, jambo ambalo ni haki yake kama mwajiri. Waraka una sifa moja ambayo kanuni yangu haikuwa nayo: umeandikwa. Mtu aweza kuusoma, kuutii, kuuhoji, au kuomba ubadilishwe. Kanuni isiyoandikwa haihojiwi. Humnasa mgeni peke yake, kwa kuwa mwenyeji aliinyonya pamoja na maziwa, na mgeni katika vyumba vyetu vya elimu karibu kila mara ni mtoto wa mtu aliyetembea.

Kwa hiyo hukumu ambayo historia hii yaniruhusu kuitoa ni ndogo, nami sitaki kuikuza. Kiatu na kiwe safi, na kiwe kizima kadiri mfuko wa mtu unavyoruhusu, na kifae kwa kazi iliyo mbele yake. Zaidi ya hayo, mwenye kutaka kudai jambo na aliandike mahali ambapo mtu wa mbali ataliona kabla hajafunga safari. Nimewaomba wenzangu katika idara yetu tufanye moja kati ya mawili: ama tuiandike kanuni ya viatu na kuitetea mbele ya wanafunzi, ama tuache kuhukumu kwayo. Mpaka sasa hakuna aliyejitolea kuiandika.

Alama za kijana yule haziwezi kubadilishwa. Daftari lilifungwa siku nyingi. Lakini aliuliza swali kwa adabu, nami nilimnyima jibu. Jibu ni hili: kanuni ile haikuandikwa popote. Iliwekwa na bwana wa pwani aliyemkataza mtumwa wake kiatu, na boma lililowapanga watu kwa miguu, na Jumapili za wakulima waliouficha mwendo wao kwa kuona haya, na amri za miaka ya mwanzo ya taifa letu, na mtoto mmoja aliyepaka raba yake chaki akaogopa fimbo. Mimi niliitamka tu, bila kujua ni maneno ya nani. Tasnifu yake ningali ninayo kabatini, na sura ya tatu huisoma kila mwaka na wanafunzi wapya.